Mirija Sita Kwenye Nguzo za Hayes

Vijana wangu, kabla hamjajifunza kuhutubia, jifunzeni kufunga mrija kwenye nguzo ya taa. Uwe juu ya kichwa cha mtu mrefu ili usishikwe ovyo, lakini usiwe juu sana, kwa sababu hewa mnayotaka kuipima ni ile wanayovuta watu, siyo ile ya njiwa. Mdomo wa mrija uelekee chini. Andikeni tarehe na saa ya kuufunga, na tarehe na saa ya kuufungua. Tumieni ile kamba ya plastiki inayojikaza yenyewe, na mbebe za akiba. Msitumie uzi mwekundu. Nitaeleza kwa nini.

Niliwakilisha chama kidogo cha mazingira katika baraza la jiji la London kwa vipindi viwili. Sizungumzii mabaraza ya mitaa, yale yanayoshughulika na mapipa ya taka na vibali vya kuegesha magari. Nazungumzia lile la juu yake, la jiji zima, ambalo wakuu wa mabasi, treni na barabara huitwa mbele yake kuhojiwa. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa milango ya mabasi katika gereji moja ya magharibi mwa jiji. Chuo sikusoma. Kanuni za baraza nilizisomea kwenye treni, ukurasa mmoja asubuhi na ule ule tena jioni, na mpaka leo naziheshimu kama nilivyokiheshimu kitabu cha ufundi: hakifurahishi, lakini mlango ukigoma kufunguka, jibu limo humo.

Wengi wenu mnaniuliza mzungumzeje ili watu wawasikilize. Mimi nilitumia sehemu kubwa ya kazi yangu kurekebisha mambo niliyoyasema vibaya, kwa hiyo nianzie hapo.

Katika kampeni yangu ya kwanza niliandika mwenyewe kikaratasi cha Kiswahili, kwa kuwa chamani hapakuwa na mwingine wa kukiandika. Nilitaka watu wajue kwamba mimi ni mgombea anayepigania hewa safi. Nafasi ya kichwa ilikuwa finyu, na mimi napenda maneno machache. Nikaandika kwa herufi kubwa: HEMEDI, MGOMBEA HEWA. Maneno "safi kwa wote" yakashuka mstari wa chini, kwa herufi ndogo. Ninyi mliokulia hapa huenda hamjui, lakini nyumbani mfanyakazi hewa ni yule ambaye jina lake liko kwenye orodha ya mishahara na mwenyewe hayupo duniani. Mradi hewa ni ule uliozinduliwa kwa kukata utepe na haukujengwa. Nilisambaza vikaratasi vile Peckham Jumamosi nzima, kwenye saluni na maduka ya unga, hadi mama mmoja muuza mihogo aliponishika mkono.

"Baba, huyu Hemedi yupo kweli?"

"Ni mimi."

Akaniangalia, akaangalia kikaratasi, akaniangalia tena. "Basi wewe ni wa kwanza kukiri mapema."

Fulana ya kijani nayo ilinitesa. Mzee mmoja mwenyeji wa Dodoma alifungua mlango, akaona kijani, rangi ya chama tawala cha nyumbani, akasema, "Hata huku mmenifuata? Kadi nimeiacha nyumbani," akafunga. Nilizungumza na mlango wake kwa dakika tatu, nikiueleza kwamba duniani kuna kijani cha aina nyingine.

Pamoja na hayo nilipita. Kwa namna kura za jiji zinavyogawanywa, chama chetu kilipata viti viwili, na mimi nilikuwa wa pili kwenye orodha. Msijisifu sana kwa ushindi. Wakati mwingine umeshinda kwa sababu ya namba yako kwenye karatasi.

Aliyeshika kiti kile cha kwanza ndiye aliyenifundisha kazi. Huyo ni Bi. Maureen, Mwingereza aliyekuwa mkutubi maisha yake yote, mfupi, mwenye sauti ya kukutaka unyamaze hata anapokusalimia. Nilijifunza kwake kwa kuaibika. Baraza hugawa muda wa maswali kwa ukubwa wa chama, kwa hiyo sisi wawili tulikuwa na dakika chache tu, na saa ya ukutani inahesabu kurudi nyuma. Jibu la mkubwa anayehojiwa nalo linakula dakika zako wewe, siyo zake. Swali langu la kwanza lilikuwa na sehemu nne. Nililiandaa wiki mbili. Mkubwa wa mabasi alishukuru kwa swali zuri, akasifu kazi yangu ya zamani ya ufundi, akaijibu sehemu ya nne, na kengele ikalia.

"Umemwekea sahani nne," Bi. Maureen aliniambia kwenye korido. "Amekula anayoipenda. Hata mimi ningefanya vile vile."

"Zote zilikuwa muhimu."

"Mwulize moja. Ya ndiyo au hapana. Halafu nyamaza, hata kama kimya kinakuuma. Mwache yeye ndiye ataabike kukijaza."

Jambo jingine alilonifundisha ni kusoma viambatisho kabla ya ripoti yenyewe. Ripoti huandikwa na mtu anayetaka ukubali. Kiambatisho huandikwa na mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka husema kweli.

Niseme pia habari ya nyama, maana mtakutana nayo. Watu wengi wanaamini kwamba mwanasiasa wa kijani hali nyama. Mimi ni mtu wa Tanga, nakula nyama. Lakini kila nilipoalikwa kwenye sherehe za Wakenya, wenyeji wangu kwa heshima waliificha nyama choma jikoni na kuniletea sahani ya sukuma wiki yenye ukubwa wa usukani, wakanizunguka kuona nitakavyofurahi. Harufu inatoka jikoni, na mimi natafuna majani na kushukuru. Miaka minane. Semeni mapema mnachokula.

Sasa nije kwenye mirija.

Siku ya kusikiliza wananchi nilikuwa nakaa kwenye maktaba moja ya Hayes, karibu na rafu ya vitabu vya watoto. Akaja mama wa Kikenya, mnene kidogo, mkoba umebanwa kwapani, akavuta kiti bila kungoja.

"Wewe ndiye yule wa hewa?"

"Hewa safi," nikasema haraka.

"Hiyo. Sasa sikiza."

Jina lake Mama Shiru, mzaliwa wa Nyeri. Alikuwa amefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa kwa miaka mingi mpaka magoti yakamgomea, akasomea ulezi wa watoto na kupata leseni ya kuwalea nyumbani kwake. Alikuwa na watoto watano wa watu, wadogo, katika sebule inayotazama barabara. Na kampuni moja ya maghala ya kule karibu na uwanja wa ndege ilikuwa imeomba malori yake yaruhusiwe kukatiza barabara ile ile.

"Si moja, si mbili," alisema. "Kutoka asubuhi mpaka jioni. Wazazi wawili washaniambia, Mama Shiru, tunakupenda, lakini malori yakianza tunatoa watoto. Na mmoja ni yule wangu wa pampu ya kifua. Leseni yangu ni ya hiyo nyumba. Nikifunga, narudi kuinua wagonjwa. Na haya magoti, unayaona?"

Nilisema nayaona.

"Basi enda uambie hiyo kamati yako."

"Kamati haipendi kuambiwa, mama. Inapenda vipimo."

"Si upime."

Kamati aliyoitaja ni ya uchukuzi, nami nilikuwa mjumbe wake. Haikuwa na mamlaka ya kukataza malori. Ilitoa pendekezo, lakini wakuu wa barabara hawakupenda kulipinga. Ombi la kampuni lingefika kwetu baada ya miezi miwili na siku chache. Kipimo rahisi cha moshi wa dizeli ni mrija wa plastiki wenye urefu wa kidole, wenye dawa ndani inayonasa gesi. Unauacha kwenye nguzo mwezi mmoja, unaupeleka maabara, wanakupa namba. Miezi miwili, vipimo viwili. Nikaandikisha kipimo changu kwa katibu wa kamati kama kanuni inavyotaka, nikachukua mirija sita na ngazi.

Nilianza kwenye geti la Mama Shiru, nikaishia kwenye kona, ambapo kuna ukumbi uliokodiwa na kanisa la Pasta Mutiso. Kila mrija niliuviringishia karatasi ya onyo. Nilitaka onyo lieleweke kwa kila mpita njia, kwa hiyo niliandika "usiguse" kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa kuwa mtaa ule una Waarabu na wazee wachache wa pwani, na herufi za Kiarabu nilifundishwa madrasa utotoni, nikaandika na kwa hizo. Chini niliweka namba ya kumbukumbu, herufi mbili na tarakimu tatu. Kamba za plastiki ziliniishia kwenye nguzo ya pili. Mama Shiru alikuwa anawafumia watoto sweta, akanipa uzi wa sufu. Mwekundu. Nilifunga mafundo saba kila nguzo, kwa sababu sufu inateleza.

Nilishuka ngazi nikatazama kazi yangu, nikaridhika nayo kabisa.

Jumapili ya pili simu ikalia.

"Hemedi, kuja," alisema Mama Shiru. "Pasta ametoa mirija yako. Yote sita. Na hajashika na mkono, ameshika na koleo."

Nilipofika, Pasta Mutiso alikuwa ofisini kwake, nyuma ya ukumbi, na wazee wawili wa kanisa kushoto na kulia. Ni Mkamba mrefu, mwenye suti nzuri na sauti ya kujaza kiwanja. Mezani palikuwa na chupa kubwa ya kioo, na ndani ya chupa, mirija yangu sita imelala kwenye mafuta.

"Bwana Hemedi. Kwanza, wewe ni mtu wa wapi?"

"Tanga."

Akageuka akawatazama wazee wake, mmoja baada ya mwingine, kama wakili aliyemaliza kesi.

"Tanga," akarudia polepole. "Na hizi vitu, ulifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na uzi mwekundu."

"Kamba za plastiki ziliniishia."

"Na mafundo saba."

"Sufu inateleza, Pasta."

"Na hii Kiarabu?"

"Imeandikwa 'usiguse'."

"Sasa wewe niambie," akasema Pasta Mutiso, akiegemea mbele, "uliona wapi hirizi imeandikwa 'tafadhali guseni'?"

Lilikuwa swali moja, fupi, na baada yake alinyamaza. Bi. Maureen angempongeza. Mimi nilihangaika na kile kimya kwa muda, kisha nikasema ukweli, kwamba kila alichokiona kilionekana hivyo hivyo hata kwangu, sasa alipokipanga kwa mfuatano ule.

Kanuni ya maabara inasema kila mrija uliotolewa urudishwe, hata ulioharibika. Nikarudisha. Baada ya siku chache wakaniandikia kwa adabu kuuliza kama kipimo kilifanyika jikoni, maana mirija ilikuwa na mafuta ya mzeituni.

Mwezi wa kwanza ulikuwa umeharibika. Ulibaki mmoja. Pasta alipoelewa kwamba mirija inapima moshi, na kwamba malori yangepita mlangoni kwa kanisa lake pia, alihamia upande wangu kwa nguvu ile ile aliyokuwa nayo dhidi yangu. Aliniomba nije Jumapili nieleze waumini mwenyewe. Mimi ni Mwislamu, na sikuwahi kusimama mbele ya kanisa lililojaa. Nilijiandaa. Niliandika sentensi sita na kuzihifadhi kichwani.

"Ndugu zangu," nikaanza, "nimekuja kwenu kwa sababu kuna mtu anachafua hewa katika mtaa huu."

Safu ya nyuma ikatoa sauti kama ya tairi linalovuja.

Mtu mwenye akili angeishia pale. Mimi nilidhani hawajanielewa, nikafafanua: "Tena anachafua mchana kweupe, na anajua kabisa kwamba ni yeye."

Mama mmoja wa kwaya alimgeukia mume wake. Mtoto wa safu ya mbele, mzaliwa wa hapa, akamwuliza mama yake kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika hadi kwenye ngoma, kama huyu babu amekuja kumtafuta aliyejamba. Baada ya hapo hapakuwa na ibada kwa dakika kadhaa. Mpiga kinanda aliinamia vitufe na kinanda kikalia chenyewe.

"Aki Mheshimiwa," Pasta alisema alipoweza kusema, huku akifuta macho kwa leso, "hiyo Kiswahili yako ya kitabu itatuua. Kanisa, sikizeni. Ni moshi wa malori! Hizi mirija zinapima moshi. Kuanzia leo zinalindwa."

Na kweli ililindwa. Nilitundika mirija mipya sita, kwa kamba za plastiki, bila Kiarabu. Wazee wa zamu walijigawia nguzo, kila mrija na mlinzi wake. Mvua ilinyesha karibu mwezi mzima, nami nililala bila wasiwasi. Siku ya kuitoa niliikuta mirija inang'aa, nguzo zimefutwa, na wazee wawili wamesimama karibu na ngazi yangu kwa unyoofu wa askari.

Maabara ikajibu siku sita kabla ya kikao. Kwa mujibu wa karatasi ile, Mama Shiru alikuwa analea watoto kileleni mwa mlima.

Nilisoma mara tatu. Nilikagua tarehe na saa. Kisha nikamwendea Mama Shiru, nikamwonyesha.

"Hiyo ni mzuri ama ni mbaya?" akauliza.

"Inasema hapa hakuna moshi hata kidogo."

"Na si juzi tu niliosha hiyo dirisha maji ikatoka nyeusi?" Akafikiri. "Ama ni ile mifuko?"

"Mifuko ipi?"

"Si wazee walifunika mirija na mifuko ya mkate, ndio isinyeshewe. Walitoa ile asubuhi ulikuja, ati ukute imependeza."

Nilikwenda kwa Pasta. Alikuwa tayari amesikia habari za hewa safi na alikuwa anapanga kuitangaza.

"Maombi yamejibiwa, Mheshimiwa!"

"Siyo maombi, Pasta. Ni mifuko ya mkate."

Akakaa chini.

Kwa kuwa nilikuwa nimekiandikisha kipimo kwa katibu, matokeo yake yalikuwa mali ya kamati. Yalikwishaingizwa kwenye makabrasha ya kikao, kiambatisho cha nne, na kampuni ya maghala ilikuwa na nakala. Nilikuwa nimewapa wapinzani wa Mama Shiru silaha, tena imesafishwa na kupakwa mafuta. Siku sita kabla ya kikao ni muda mrefu kwa mtu mwenye hesabu kama hiyo. Mama Shiru mwenyewe hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba mzazi mmoja ameshaomba barua ya kumtoa mtoto, akamimina chai, akaanza kukunja nguo ndogo ndogo za watoto bila kunitazama. Afadhali angenifokea.

Nilimpigia Bi. Maureen.

"Unaweza kuugua siku hiyo," alisema. "Wengi huugua."

"Siumwi."

"Nilijua utasema hivyo. Basi simulia yote. Usiruke kitu. Simulia kama basi lililoharibika: lilianza wapi, nini kilikatika kwanza, nani aligusa nini."

Siku ya kikao mshauri wa kampuni, kijana nadhifu mwenye tai ya buluu, alifungua kiambatisho cha nne. Alisema kwamba kwa mujibu wa vipimo vya mjumbe Hemedi mwenyewe, anayejulikana kwa kupigania mazingira, barabara ile ina hewa safi ya kushangaza, na malori machache hayataidhuru. Alinitabasamia. Mwenyekiti wetu, mama mkavu wa chama kikubwa kilichopinga karibu kila nilichowahi kupendekeza, akanipa nafasi.

Nilisimulia kama nilivyoelekezwa. Kamba zilivyoisha. Uzi mwekundu, mafundo saba, maandishi ya Kiarabu. Nikaeleza hirizi ni nini, kwa kuwa kumbukumbu za kikao lazima zieleweke. Koleo. Chupa.

"Samahani," mwenyekiti akanikatiza. "Mafuta ya mzeituni?"

"Ndiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti. Yaliyoombewa."

Akashusha miwani. Nikaendelea na mwezi wa pili, wazee wa zamu, mvua, mifuko ya mkate, na kwamba mifuko iliondolewa asubuhi ya ukaguzi kwa ajili ya unadhifu. Nilipofika kwenye unadhifu, mwenyekiti alikuwa ameinua makabrasha usoni na makabrasha yanatikisika. Mwandishi wa kumbukumbu aliacha kuandika. Mimi sikucheka, na siyo kwa ushujaa. Nilikuwa natazama saa. Zilibaki sekunde arobaini. Nikamgeukia yule kijana wa tai.

"Nina swali moja. Kampuni yako imepima hewa ya barabara hii?"

Nikanyamaza. Sekunde arobaini za kimya katika ukumbi ule ni ndefu kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa. Alipekua karatasi. Alimtazama mwenzake. Kengele ilipokaribia kulia, akasema, "Hapana."

Mwenyekiti alirudisha miwani. "Kwa miaka yote niliyokaa hapa," alisema, "sijapata kuona mjumbe akileta ushahidi mbovu kiasi hiki, kisha akauvunja mwenyewe kipande kwa kipande. Ninyi, kwa upande wenu, hamkuleta wowote. Ombi litangoja mwezi mmoja. Na, mheshimiwa Hemedi, mwezi huu mtu yeyote asiiguse hiyo mirija."

Hakuna aliyeigusa. Pasta alitangaza madhabahuni kwamba mirija isiguswe, isifutwe, isifunikwe, isiombewe kwa ukaribu. Mzee mmoja aliniuliza kama anaruhusiwa kuitazama. Nilimruhusu, akiwa upande wa pili wa barabara.

Matokeo yalionyesha kwamba moshi ulikuwa tayari umevuka kiwango, kabla hata lori moja la nyongeza halijaingia. Kwenye barabara ya Mama Shiru hoja ilikuwa imekwisha. Lakini malori yale yalikuwepo, na bidhaa zilikuwa na watu wanaozisubiri, nanyi mtajifunza kwamba kamati haimwambii mtu asipite. Inamwambia apite wapi. Wataalamu wakaleta ramani yenye njia moja mbadala. Ilikuwa barabara pana, nyumba zake zimerudi nyuma, hakuna shule, hakuna leseni ya ulezi hata moja. Niliipima mwenyewe kwa mirija sita mingine. Ilifaa kwa kila kigezo.

Kabla ya kura mwenyekiti aliuliza, kama kanuni inavyotaka, iwapo kuna mjumbe mwenye maslahi binafsi katika jambo hili. Nikanyoosha mkono.

"Ninaishi kwenye njia mbadala, Mheshimiwa Mwenyekiti. Chumba changu cha kulala kinatazama barabara."

"Kwa hiyo mjumbe hapigi kura."

"Sipigi. Lakini ningependa kumbukumbu zionyeshe kwamba ninaipendekeza."

Ilipita bila kupingwa. Kabla malori hayajaanza nilibisha hodi kwa majirani zangu wote, nyumba kwa nyumba, nikawaeleza kwa vielelezo. Wengi walinisikiliza. Mmoja hajanisalimia tangu siku ile. Uchaguzi uliofuata sikurudi barazani, na matokeo ya kituo chetu cha kura yalionyesha kwamba mtaa wangu ulishiriki kwa moyo mmoja.

Mama Shiru anao watoto watano mpaka leo, siyo wale wale, wale wamekwishaanza shule. Mwaka huu alikuja kunitembelea kwa mara ya kwanza tangu nistaafu, akaleta chapati, na nyama, akisema amechoka kunionea huruma. Tulikaa chumba cha mbele. Lori likapita, vikombe vikalia kwenye sahani zake. Likapita jingine. Akaenda dirishani akasimama pale mpaka la tatu.

"Haki, Hemedi. Hata yangu hayangekuwa makubwa hivi."

"Yako yangekuwa madogo kwa sababu ya ile kona. Makubwa yasingeweza kukata."

"Na ulijua yatakuja hapa?"

"Nilipima."

Alirudi kwenye kiti, akashika kikombe chake kwa mikono miwili ili kitulie. "Unajuta?"

Ni swali la ndiyo au hapana, lakini nilitaka kulijibu kwa usahihi. "Saa kumi na mbili asubuhi," nikamwambia. "Kwa dakika tano hivi."

"Na baadaye?"

"Baadaye huwa nimeshaamka."